Usimwage majivu juu ya mavi mabichi ya kuku

Ndugu wanachama, wengi wetu hapa pembeni ya Kisangani tunafuga kuku, na mavi yao tunapeleka shambani. Ni vizuri. Lakini kuna wanaomwaga majivu juu ya lundo likingali bichi, ili kuua harufu. Muda kidogo tu, harufu inazidi mpaka macho yanatoa machozi. Ile inayochoma macho ni gazi ya amoniaki, na ndani yake mna azoti, chakula ambacho mahindi na mchele vinahitaji sana. Ikisha kuruka na upepo, shamba lako limeikosa.

Kwa nini majivu yanaifukuza? Tuangalie azoti yenyewe. Atomu yake ina elektroni 5 za inje, zinazokaa katika nafasi zinazoitwa obitali: moja ya mviringo na tatu ndefu. Azoti ikijiunga na hidrojeni, nafasi hizo nne zinachanganyika, zinatoka nne zinazofanana. Wanakemia wanaziita hibridi, jina tunalolijua kwa mbegu za mahindi: wazazi mbalimbali, wazao wa namna moja. Tatu kati yake zinashika hidrojeni 3. Ya nne inabaki na elektroni 2 zisizoshika kitu, kama mkono ulionyoshwa.

Mkono ule unatafuta asidi. Ukiipata, unashika hidrojeni yake, na amoniaki inageuka amoniumu, ambayo inabaki ndani ya unyevu wa lundo wala hairuki. Majivu ni adui ya asidi. Yananyanganya ile hidrojeni, na amoniaki inakuwa gazi tena.

Amoniaki iko na ndugu zake, amini. Kwao, hidrojeni moja, mbili ao zote tatu zimeachia kaboni nafasi. Samaki akianza kunuka sokoni, ni amini hizo unasikia. Mama akimkamulia ndimu, harufu inapungua, kwani asidi imeshika ule mkono. (Aliyeoza, lakini, ndimu haimponyeshi. Usimule.)

Basi majivu yapeleke shambani peke yake. Udongo wetu wa Tshopo uko na asidi nyingi, yataufaa. Lundo lifunike na majani makavu ao unga wa mbao, na juu yake udongo kidogo, pahali mvua haiingii. Siku ya kuyapeleka shambani, yafukie siku ile ile, mbele jua halijakuwa kali.