Mchoraji katika Ikulu ya Rumanyika

Bweranyange, makao makuu ya kale ya ufalme wa Karagwe, ambao ardhi yake leo imo katika wilaya za Karagwe na Kyerwa nchini Tanzania, ilipata mchoraji wake Novemba 1861, wakati Mskoti James Augustus Grant, afisa wa jeshi la Waingereza nchini India, alipofika hapo pamoja na John Hanning Speke wakitafuta chanzo cha Nile. Rumanyika, Omukama, yaani mfalme wa Wanyambo, aliwapokea kwa ukarimu mkubwa.

Kilichompa Grant nafasi ya kuona mengi ni ugonjwa. Mguu wake wa kulia ulivimba na kutunga usaha, hata Speke alipoondoka Januari 1862 kuelekea Buganda yeye alibaki Karagwe hadi Aprili, akiuguzwa kwa dawa za wenyeji, mojawapo ikiwa mchanganyiko wa kinyesi cha ng'ombe, chumvi na tope la ziwani uliobandikwa penye maumivu. Mgonjwa huyo asiyeweza kutembea aliwatazama watu walewale siku hadi siku, jambo ambalo msafiri mwenye haraka hulikosa, akayaandika aliyoyaona na kuyachora.

Hata hivyo, picha zilizoenea katika kitabu cha Speke cha 1863 si kazi ya mkono wa Grant peke yake, kwa kuwa michoro yake ilichorwa upya na Johann Baptist Zwecker, msanii wa London ambaye hakuwahi kuiona Karagwe, kisha ikachongwa juu ya mbao ili ipigwe chapa. Picha za asili za Grant za rangi za maji, yaani rangi nyepesi zinazochanganywa na maji, zimehifadhiwa katika Maktaba ya Taifa ya Uskoti, Edinburgh, na hizo ndizo zinazostahili kuaminiwa kwanza.

Lakini picha haisemi kila kitu, wala kuona kwa macho hakutoshi. Msafiri Henry Morton Stanley, aliyefika Karagwe 1876, aliona katika hazina ya Rumanyika bata wa shaba na ng'ombe wa shaba wasio na vichwa, akawaona kama vitu vya ajabu tu. Ili kujua ufalme ulivyojieleza wenyewe, msomaji hana budi kumgeukia Israel Katoke, mwanahistoria aliyetumia masimulizi ya wazee katika kitabu chake kuhusu Karagwe cha 1975, na kuisoma michoro ya Grant sambamba na masimulizi hayo.