Ramani Isiyokoma Mpakani

Katika Bonde la Usangu, wilayani Mbarali, kinachoamua nani apate maji wakati wa kiangazi ni mfereji wenye upana wa hatua chache na banio lililoachwa wazi au kufungwa huko juu. Picha za setilaiti za Landsat, ambazo sasa mtu yeyote mwenye intaneti anazipata bure, huigawa ardhi katika vipande vya mita 30 kwa 30, karibu robo ekari. Ndani ya kipande kimoja hujibana jaruba la mpunga, tuta lake, mfereji na mti ulio kando, na vyote hupewa rangi moja. Hata Sentinel-2, inayoona vipande vya mita 10 kwa 10, haiwezi kusema kama banio limefungwa au la. Hata hivyo, ramani nyingi za matumizi ya ardhi huanza na picha hizo, na baadhi huishia hapo hapo. Setilaiti huonyesha kilichoifunika ardhi. Nani anaitumia, kwa makubaliano gani na mwezi gani, hayo wanayajua wenyeji. Kwa hiyo ramani ya kusaidia kutunza maji, malisho na misitu inapaswa kuchorwa pamoja na watumiaji wenyewe, majira kwa majira. Tena inapaswa kufuata rasilimali hadi inapoishia, hata ikibidi kuvuka vijiji kumi au wilaya tatu. Sharti hili la pili ndilo tunalolipuuza zaidi, na gharama yake imekuwa kubwa.

Mto Ruaha Mkuu ni ushahidi wa kutosha. Unakusanya vijito vinavyoshuka kutoka nyanda za juu, unatandaza maji yake katika kinamasi cha Ihefu, unapita katika Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, kisha unaingia bwawa la Mtera na kuendelea hadi Kidatu, mabwawa yote mawili ya umeme. Kuanzia 1993 sehemu ya mto iliyo ndani ya hifadhi ikaanza kukauka kiangazi, jambo ambalo halikuwa la kawaida. Kidole kilinyooshewa wafugaji. Mwaka 2006 na 2007 waliondolewa Usangu pamoja na ng'ombe wao, wengi wakielekezwa mikoa ya Lindi na Pwani, na 2008 Pori la Akiba la Usangu likaunganishwa na hifadhi. Mto haukuacha kukauka. Utafiti uliofanyika bondeni humo tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 ulikuwa umekwisha kuonyesha sababu kubwa zaidi: maji yanayochepushwa kwenda mashambani miezi ya kiangazi, yakiwemo yale yanayoendelea kutiririka mferejini wakati shamba halina haja nayo. Kundi la ng'ombe kinamasini huonekana hata kutoka kwenye ndege. Maji yanayopotelea jarubani hayaonekani kirahisi hivyo, na kisichochorwa si rahisi kujadiliwa. Laiti mjadala wa 2006 ungefanyika mbele ya ramani ya bonde zima, yenye kila banio na miezi yake ya kufunguliwa, swali la kwanza lingekuwa kuhusu mifereji. Badala yake baadhi ya wafugaji waliishia katika bonde la mto Kilombero, na mwishoni mwa 2012 operesheni nyingine ya kuondoa mifugo ikafanyika huko. Mto Kilombero ndio unaoupa mto Rufiji zaidi ya nusu ya maji yake, na Ruaha Mkuu nao unamwaga Rufiji. Kwa maneno mengine, tatizo lilihamishwa kutoka tawi moja la mto hadi tawi jingine la mto huo huo.

Sheria za Tanzania Bara zimejengwa juu ya kijiji, na kuna sababu nzuri. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 iliipa halmashauri ya kijiji jukumu la kusimamia ardhi kwa niaba ya wanakijiji, na Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2007 ikaweka utaratibu wa mipango. Kazi ikifanywa vizuri, inapendeza kuitazama. Watu hukusanyika uwanjani na kuchora kijiji chao mavumbini kwa vijiti. Mawe yanakuwa vilima, majivu yanakuwa barabara, majani mabichi yanakuwa msitu. Wanawake husogeza alama ya kisima kwa sababu kile cha zamani kimekauka, wafugaji hueleza kuwa pori linaloitwa tupu ndilo malisho yao kuanzia Agosti hadi mvua za kwanza. Kisha mpima hupita na kifaa chake kuchukua vipimo, na mkutano mkuu wa kijiji hupitisha mpango. Kasoro inaanzia kwenye mstari wa mpaka. Kijiji hiki kinatenga malisho ukingoni mwake, jirani yake anatenga kilimo upande wa pili wa mstari huo huo, na njia ya mifugo iliyokuwa ikipita kwa wote wawili inakatikia hapo. Kila mpango ni halali, lakini mipango hiyo ikiwekwa sambamba haipatani.

Dawa imo ndani ya sheria yenyewe, kwa kuwa ile ya 1999 inaruhusu vijiji kukubaliana kutumia ardhi kwa pamoja. Wilayani Kiteto, mkoani Manyara, vijiji vya Olkitikiti, Lerug na Ngapapa viliichukua nafasi hiyo, vikachora malisho, vyanzo vya maji na maeneo ya chumvi ya mifugo vinayoshirikiana, na kuyapa malisho hayo jina lililoungwa kutokana na majina yao: OLENGAPA. Wafugaji wakaunda chama, na chama kikapewa hati za hakimiliki ya kimila kwa malisho yenyewe. Baadaye kijiji cha nne, Engang'uengare, nacho kikaingia. Hilo la mwisho lina uzito wake. Vijiji vyetu hugawanyika mara kwa mara, na mpango uliofungwa ndani ya kijiji kimoja hupasuka nacho. Mpango wa eneo la pamoja unaweza kumpokea mgeni bila kuanza upya.

Wapo watakaosema kuwa kupanga kwa ukubwa huo ni kuwanyang'anya wanakijiji sauti na kuwakabidhi maofisa wa wilaya. Hofu hiyo ina msingi, na ndiyo sababu makubaliano ya pamoja yanapaswa kupitishwa na mkutano mkuu wa kila kijiji, si kutiwa saini na wenyeviti peke yao. Hoja ya gharama nayo ni ya kweli: Tanzania ina vijiji zaidi ya 12,000, na vingi havina hata mpango wao wenyewe. Lakini timu ya wilaya iliyokwisha kufika vijiji vitatu vinavyopakana ingeweza kuvikalisha pamoja mara moja, ikaokoa safari za kurudi kusuluhisha mistari inayogongana.

Pingamizi zito kuliko yote ni kwamba ramani hutumika kuwafukuza watu. Mtu aliyechorwa ndani ya rangi ya hifadhi leo anaweza kuamriwa ahame kesho, na historia ya Usangu haimpi mtu haki ya kulipuuza hilo. Ila wafugaji wa Ihefu hawakuokolewa na kutokuwapo ramanini. Waliohamishwa walihitaji karatasi ya kuonyesha miezi waliyokuwa kinamasini na miezi waliyokuwa kwingine, kwa kuwa waliowahamisha walikuwa na ramani zao. Ulinzi upo katika nani anashika kalamu na nakala inakaa wapi. Nakala ya ofisi ya ardhi peke yake haitoshi. Moja ibaki ofisi ya kila kijiji kinachohusika, nyingine kwa jumuiya ya watumia maji na nyingine kwa Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji, ikiwa na mabanio yote kwa majina ambayo wakulima wenyewe huyaita. Na kila baada ya masika machache ipelekwe tena uwanjani, wahusika waulizwe ni banio gani jipya limejengwa na ni njia gani ya mifugo imelimwa.