Picha ya ubongo iliyosafishwa na akili mnemba

Wasomaji wengi wameniuliza kama ni kweli akili mnemba inaweza kusafisha picha ya ubongo yenye chenga. Wapo pia walionitumia karatasi za "kipimo cha mwili mzima", kile cha kushika kifimbo cha chuma. Niwajibu hao kwanza: kifimbo kile hakipigi picha ya kiungo chochote. Ni wizi mtupu, na unachelewesha watu kufika hospitali. Picha ya ubongo ninayoizungumzia hapa ni ya MRI, nayo haina mionzi kama ya eksirei. Ni sumaku na mawimbi ya redio.

Mashine za hospitali kubwa huwa na sumaku yenye nguvu ya tesla 1.5 au 3. Swoop, mashine ya magurudumu iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2020, ina tesla 0.064. Husukumwa hadi kitandani na kuchomekwa kwenye soketi ya kawaida, ila picha yake hutoka na ukungu.

Hapo ndipo huingia programu kama SynthSR, iliyochapishwa mwaka 2023. Namna ilivyofundishwa inanivutia mno. Picha chafu za kujifunzia hazikutoka kwa mgonjwa yeyote. Kompyuta ilichukua ramani za ubongo zenye mipaka ya kila sehemu, ikazipaka rangi ovyo, ikazipinda, ikazikata mapande manene, ikazitia chenga. Kila mara programu ilitakiwa irudishe picha safi ya vipande vya milimita 1. Rangi zikibadilika kila mara, haina budi kushika umbo. Ndiyo maana inapokea picha za mashine yoyote.

Lakini umbo ililoshika ni la ubongo usio na ugonjwa. Ikikutana na uvimbe au kovu la kiharusi, hupajaza nyama inayofanana na yenye afya! Kwa mtafiti anayepima ujazo wa ubongo, hilo linafaa. Kwa anayetafuta uvimbe, ni hatari.

Mwaka 2021, utafiti uliohusu watoto wenye vichwa vikubwa wa hospitali ya CURE, Mbale, Uganda, uliwaonyesha madaktari watatu wa upasuaji picha zilizopunguzwa ubora makusudi. Hata baadhi ya zenye ukungu zilitosha kupanga matibabu. Zilizosafishwa kwa akili mnemba zilipendeza zaidi, ila nyingine zilikuwa na makosa ya umbo yanayoweza kumpotosha daktari.

Kwa hiyo ukipigwa picha, omba CD yenye picha ya awali, na uulize kama ripoti imeandikwa kutokana na hiyo.