Ngurumo isiyosikika nyuma ya nyota Algol

Katika majira ya jioni ya Desemba, mbingu zikiwa safi, elekea kaskazini utaiona nyota iitwayo Algol. Jina lake limetokana na Kiarabu, Ra's al-Ghul, yaani kichwa cha zimwi. Mwanafalaki Abd al-Rahman al-Sufi aliieleza katika kitabu chake cha mwaka 964. Karibu nayo machoni petu, lakini mbali mno nyuma yake, umbali wa takriban miaka ya nuru milioni 240, lipo kundi la Perseus lenye maelfu ya galaksi.

Baina ya galaksi hizo imetanda gesi yenye joto la makumi ya mamilioni ya nyuzi, nayo hutoa miale ya eksirei. Kitoacho joto hupoa, mithili ya chungu kilichoepuliwa. Kwa hiyo wataalamu walitarajia gesi ya katikati ipoe, iangukie galaksi kubwa ya NGC 1275 na kuzaa nyota kwa wingi. Lakini nyota za kiasi hicho hazikuonekana. Ni moto upi basi unaokipasha chungu hiki?

Jawabu limo katika kitovu cha galaksi hiyo, penye shimo jeusi kubwa. Si kila kiliendeacho humezwa. Sehemu hurushwa nje kwa mikondo miwili yenye kasi kubwa, ikielekea pande zinazopingana. Mikondo hiyo huisukuma gesi na kufanya mapovu makubwa yanayopanda juu kama ya maji yachemkayo. Mwaka 2003, Andrew Fabian na wenzake wa Cambridge walitangaza kuwa darubini ya Chandra imeona mawimbi ya sauti ndani ya gesi hiyo. Wimbi moja hupita kila baada ya miaka kama milioni 10, hivyo hakuna sikio liwezalo kuisikia.

Hapo ndipo ilipo mizani. Gesi ikipoa, shimo hupata chakula na mikondo huwaka. Joto likizidi, chakula hupungua na mikondo hufifia.

Hata hivyo, namna joto linavyosambaa ingali ikijadiliwa. Mwaka 2016 satelaiti ya Japani, Hitomi, ilikuta gesi ikienda takriban kilomita 160 tu kwa sekunde, utulivu ambao wengi hawakuutarajia.

Wazazi, waonyesheni watoto Algol, kisha muwasimulie yaliyo nyuma yake.