Ruhusa za Simu ni Mlango wa Nyumba

Katika Suratun-Nur, Allah (s.w.) ametufunza adabu mbili za mlango. Aya ya 27 inatukataza kuingia nyumba zisizo zetu kabla ya kuomba idhini na kuwasalimu wenyewe. Aya ya 58 inaingia ndani zaidi: hata watumishi wa nyumbani na watoto ambao hawajabaleghe wanatakiwa kubisha hodi nyakati tatu, yaani kabla ya Sala ya Alfajiri, mchana watu wanapovua nguo kupumzika, na baada ya Sala ya Isha. Hizo ndizo saa ambazo sitara ya mtu huwa imelegea.

Tuutazame basi usiku wa nyumba zetu hapa Shinyanga, Kahama au Katoro. Komeo limefungwa, pazia limeshushwa, watoto wamelala. Kando ya mto wa mama iko simu janja. Ina jicho mbele na nyuma, ina sikio, inajua ilipo, na inayajua majina ya watu wote ambao wenye nyumba huzungumza nao. Kitu hiki kimeingia chumbani kwa idhini ya nani, na funguo zake zimeshikwa na nani?

Ufunguo uliobaki dukani

Kijana amepata chochote machimboni Rwamgasa au Nyarugusu. Anafika Katoro, anamnunulia mkewe simu. Muuzaji anafungua boksi, anatia laini, kisha anauliza: "Una jimeili?" Hana. Muuzaji, kwa wema kabisa, anamtengenezea hapo hapo na kuchagua nywila yeye mwenyewe, au anaingiza akaunti ile ile anayowawekea wateja wote. Dakika tano, kazi imekwisha. Mnunuzi anaondoka na chombo, na hati ya chombo imebaki dukani.

Hatutii chumvi tunapoiita hati. Mwenye nywila ya akaunti ya Google iliyomo katika simu anaweza kuona namba zilizohifadhiwa humo, picha ikiwa zimewekwa zijihifadhi zenyewe mtandaoni, na mara nyingi mahali simu ilipo. Anaweza hata kuifuta simu yote akiwa mbali. Tena tangu toleo la Android 5.1 la mwaka 2015, simu iliyosafishwa bila kuondolewa akaunti kwanza haifunguki mpaka iingiziwe akaunti ile ya awali. Kinga hiyo iliwekwa dhidi ya wezi, na ni kinga nzuri. Lakini kwa asiyeijua akaunti yake, imegeuka kinga dhidi ya mwenye mali.

Dada yetu mmoja wa darsa la akina mama alikuta katika simu yake mpya majina ya watu asiowafahamu: madereva, wachimbaji, mama lishe wa Runzewe. Akadhani simu imetumika. Simu ilikuwa mpya. Akaunti ndiyo iliyokuwa ya watu wengi, na majina yao yalikuwa yakitiririka kutoka simu moja hadi nyingine. Ina maana majina aliyoyahifadhi yeye nayo yalikuwa yakiwafikia hao wengine. Na picha alizopiga ndani na dada zake siku ya harusi, bila mtandio, zilikuwa zimehifadhiwa mahali ambapo ufunguo wake anao mwanamume asiye maharimu wake. Muuzaji tunamdhania kheri. Yumkini hakujua analolifanya. Jambo halibadiliki kwa hilo.

Kurekebisha si kazi kubwa, ila ina utaratibu wake. Kwanza mwenye simu afungue akaunti yake kwa nywila anayoijua yeye. Pili ahamishie huko majina na picha anazozitaka. Tatu afute zile zilizokwisha kupanda katika akaunti ya zamani, maana kuiondoa akaunti katika simu hakufuti kilichohifadhiwa mtandaoni. Mwisho ndipo aiondoe. Wengi huanza na la mwisho, wakapoteza namba zote na picha zikabaki kule kule.

Mfumo ulio wazi nusu

Simu nyingi zinazouzwa katika ukanda wetu huu, ziwe Tecno, Infinix, itel au Samsung, zinaendeshwa na mfumo wa Android. Google iliununua mwaka 2005, na simu ya kwanza yenye mfumo huo ikaingia sokoni mwaka 2008. Kiini chake ni Linux, ambacho Linus Torvalds, mwanafunzi wa Finland, alianza kukiandika mwaka 1991 na kukiacha wazi ili kila mwenye ujuzi akisome, akirekebishe na kukigawa. Juu ya msingi huo ulio wazi Google imejenga ghorofa lililofungwa: Play Store, ramani, huduma za akaunti. Mwaka 2018 Kamisheni ya Ulaya iliitoza faini ya euro bilioni 4.34 kwa jinsi ilivyowabana watengeneza simu kwa programu hizo, na mwaka 2022 mahakama ikaipunguza kidogo tu. Simu za iPhone zenyewe zimefungwa zaidi. Mtumiaji hupokea alichoandaliwa.

Hata hivyo, mwenye simu ya Android ameachiwa mamlaka ambayo wengi wetu hatuyatumii. Tangu toleo la 6 la mwaka 2015, programu haifikii kamera, maikrofoni, anwani wala mahali ulipo mpaka ikuulize. Toleo la 10 liliongeza jibu la kuruhusu pale tu programu inapotumika. Toleo la 12 la mwaka 2021 lilileta alama ya kijani kwenye kona ya juu ya skrini kila kamera au maikrofoni inapofanya kazi, na likampa mtu uwezo wa kutaja eneo kwa kukadiria badala ya nyumba aliyomo. Hiyo ni hodi, hata kama waliotengeneza hawakuikusudia hivyo. Tatizo ni kwamba sisi hubonyeza "Ruhusu" kabla hatujasoma nani anabisha.

Tusidhani wanaobisha ni wacheza muziki na kamari peke yao. Novemba 2020 vyombo vya habari vya Marekani vilifichua kwamba Muslim Pro, programu ya nyakati za sala na kibla iliyokuwa imepakuliwa zaidi ya mara milioni 98, ilikuwa ikiipa taarifa za mahali walipo watumiaji wake kampuni iitwayo X-Mode, ambayo miongoni mwa wateja wake walikuwamo wakandarasi wa jeshi la Marekani. Muslim Pro ikatangaza kukata uhusiano huo. Miezi miwili baadaye ikabainika kuwa programu nyingine ya sala, Salaat First, nayo ilikuwa ikipeleka taarifa kama hizo kwa kampuni ya Ufaransa, Predicio. Mwaka 2022 ikasikika ya tatu: Al-Moazin Lite ilikuwa miongoni mwa programu ambazo Google iliziondoa sokoni kwa muda, baada ya kukutwa na msimbo wa kampuni nyingine uliokuwa ukikusanya taarifa za watumiaji kwa siri.

Muumini aliyefungua simu ili ajue wakati wa Adhuhuri ameacha alama ya kila msikiti anaoingia. Na kwa nini alitoa ruhusa ile? Kwa ajili ya kibla. Nasi hapa kibla chetu tunakijua: ni kaskazini kwa kuegemea mashariki kidogo, nyuzi kama 14 ukiwa Shinyanga mjini na kama 17 ukiwa Geita. Mihrabu za misikiti yetu zilielekezwa kabla ya setilaiti kuwa mfukoni mwa mtu. Nyakati nazo hupatikana kwa kuchagua jina la mji kwa mkono. Ingieni Mipangilio, kisha Programu, kisha Ruhusa, mkaifungie programu ya sala mlango wa Mahali. Adhana italia vile vile.

Simu ya mkopo

Miaka hii simu za kulipia kidogo kidogo zimeenea mpaka vijijini. Mtu anatoa kianzio, kisha analipa kila siku au kila wiki. Akichelewa, skrini inajifunga. Programu inayofunga imepandwa chini kabisa ya mfumo, na aghalabu hata simu ikisafishwa haiondoki. Wazee wanakumbuka usiku wa tarehe 16 Juni 2016, TCRA ilipozizima simu bandia nchi nzima. Siku ile uliofungwa ulikuwa mtandao. Hii ya leo inafungwa simu yenyewe, pamoja na picha na namba zilizomo.

Je, biashara hiyo inafaa? Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lililo chini ya OIC lilikutana Jeddah Machi 1990 na kupitisha azimio namba 51. Lilikubali kwamba bei ya kulipa kwa awamu inaweza kuzidi bei ya taslimu. Lilisema nyongeza inayotozwa kwa sababu mnunuzi amechelewa ni riba. Na lilisema muuzaji hana haki ya kubaki na umiliki wa kitu alichokwisha kukiuza, ila anaweza kushurutisha kiwe rehani kwake mpaka deni liishe.

Kwa kipimo hicho loki tunaiona kuwa mfano wa rehani, wala hatumlaumu muuzaji kulinda haki yake. Mtume (s.a.w.) alifariki deraya yake ikiwa rehani kwa Myahudi wa Madina kwa ajili ya shayiri ya familia yake. Lakini aliyeshika rehani hakupewa idhini ya kupekua. Kabla ya kutia saini, muulizeni wakala: programu hii inasoma nini? Anwani zangu? Ujumbe wangu? Nikilipa shilingi ya mwisho, itaondoka yenyewe au nitabaki nayo? Nikichelewa wiki moja, deni litaongezeka? Jibu la swali la mwisho likiwa ndiyo, tafuteni duka jingine. Mambo ya kupekua yanahusu pia sheria ya nchi: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inakupa haki ya kujua taarifa gani zako zinakusanywa na kwa lengo gani, na ipo Tume ya kupokea malalamiko.

Wapo mafundi wanaotoa loki kabla deni halijaisha. Suratul-Maida inaanza kwa kuamrisha mikataba itimizwe, kwa hiyo hukumu yake haihitaji mufti. Kuna na hatari ya pili. Ili kuitoa, fundi huiflashi simu kwa faili aliloliokota asikokujua, na anayekubali hilo ameondoa jicho moja analolijua akaweka asilolijua.

Hapo ndipo uwazi wa Android unapokuwa na makali mawili. Mlango unaomruhusu kijana wetu kuweka programu aliyotumiwa na rafiki kwa Bluetooth ndio unaoingiza GBWhatsApp na wenzake, zile WhatsApp zilizochezewa ili kuficha "imesomwa". Mwaka 2021 watafiti wa Kaspersky walikuta ndani ya mojawapo, FMWhatsApp, kirusi kiitwacho Triada. Agosti 2025 Google ikatangaza kwamba kuanzia Septemba 2026 katika nchi nne, Indonesia ikiwamo, kisha kwingineko kuanzia 2027, simu zitakataa programu ambayo mtengenezaji wake hajajisajili kwake. Baada ya malalamiko iliahidi kuwaachia upenyo watumiaji wenye uzoefu. Usalama wanaouzungumzia ni wa kweli. Hata hivyo hatupendi kuona kijana wa Geita aliyetengeneza ratiba ya sala ya mkoa wake akilazimika kujiandikisha Marekani ndipo awagawie jirani zake. Afadhali tujifunze kutofungua ovyo kuliko kumkabidhi bawabu mmoja funguo za dunia nzima.

Kamati ya msikiti wetu imewaomba vijana wawili wakae barazani kila Jumapili baada ya Adhuhuri, wasaidie kubadili akaunti na kupitia ruhusa. Hakuna malipo, na nywila ataiandika mwenye simu mwenyewe. Upande wa akina mama kazi hiyo inafanywa na mabinti wawili waliosomea kompyuta, ili simu ya mwanamke isishikwe na asiye maharimu wake. Waje simu ikiwa na chaji, na wenye simu za mkopo waje na karatasi ya mkataba.