SAKAFU NGUMU NI DAWA YA NYUMBA

Ndugu msomaji, je, umefagia nyumba yako leo? Umefanya vema. Lakini kama chini ni vumbi tupu, ufagio hauwaondoi adui. Huwahamisha tu toka pembe moja mpaka nyingine.

Adui wawili wakaao chini

Wa kwanza ni funza. Aliletwa kwa meli toka Amerika ya Kusini mpaka pwani ya Angola mwaka 1872, kisha akaenea katika Kongo na Afrika ya Mashariki. Funza jike huingia katika ngozi ya mguu. Mayai yake huanguka katika vumbi, na watoto wake hukua humo. Basi ukimtoa funza mguuni mwa mtoto na kuliacha vumbi, wengine wataingia kesho. Usitumie sindano chafu wala mwiba, maana kidonda hicho chaweza kuleta pepopunda, nayo huua.

Wa pili ni papasi. Mchana hujificha katika nyufa za sakafu na kuta. Usiku hunyonya damu ya walalao chini. Huleta homa inayoacha na kurudi tena. Daktari J. E. Dutton alichunguza ugonjwa huu katika Kongo. Ukampata yeye mwenyewe, akafa Kasongo, Februari 1905.

Namna ya kutengeneza

1. Chagua mahali pa juu. Watu wa Uvira hawajasahau Aprili 2020, mto Mulongwe ulipofurika na kubomoa nyumba nyingi. Sakafu haizuii mto, usijenge ukingoni.

2. Ondoa udongo laini wenye mizizi. Panga mawe, jaza changarawe katikati yake, ushindilie sana. Sakafu iwe juu kuliko kiwanja, mvua isiingie.

3. Changanya ndoo 1 ya simenti, 2 za mchanga safi, na 4 za changarawe. Mchanga wenye matope haufai. Usizidishe maji, kwa maana maji mengi huidhoofisha sakafu.

4. Mimina unene wa sentimeta 10, ulainishe, uinamishe kidogo kuelekea mlango. Chumba cha meta 10 za mraba kitataka karibu mifuko 7 ya kilo 50.

5. Funika kwa majani au magunia, uyanyunyizie maji siku 7. Wengi huharibu kazi hapa: huiacha ikauke upesi juani, nayo hupasuka. Na penye ufa, papasi amepata nyumba.

Simenti mbichi huunguza ngozi. Osha mikono na miguu mara moja, na watoto wakae mbali.

Kama fedha ni kidogo

Changanya ndoo 1 ya simenti na 10 za udongo wenye mchanga, uloweshe kidogo tu, ushindilie kwa nguvu. Anza na chumba wanacholala watoto. Ufa ukitokea, uuzibe siku ile ile. Usipake mavi ya ng'ombe mahali mtoto mchanga anapolazwa, kwa maana pepopunda hukaa humo, na kitovu chake ni mlango wazi.

Kama kuna wanaofanya mazoezi

Vijana wengi hunyanyua vyuma nyumbani, na wagonjwa wengine wameagizwa na daktari kunyosha viungo. Hiyo ni kazi njema, lakini chuma kikianguka juu ya simenti tupu huivunja, na mtu akiruka juu yake magoti huumia. Weka mbao nene, na juu yake mpira mnene wa magari makuukuu uliokatwa na kulazwa sawasawa. Uinue kila juma, ufagie chini yake, uukaushe juani.

Mama, baba, hesabuni gharama ya mifuko hiyo. Kisha hesabuni siku ambazo mtoto amekosa shule kwa sababu hawezi kukanyaga chini.