Majina Yasiyoandikwa: Usafirishaji Haramu wa Watu Katika Ziwa Nyasa na Wajibu wa Mchungaji

Katika makala hii tunakusudia kueleza jambo ambalo wachungaji wa mwambao wa Ziwa Nyasa huweza kulitazama kila siku bila kulitambua, yaani usafirishaji haramu wa watu kwa njia ya maji. Tunaanzia Mbaha, katika nchi iliyokuwa sehemu ya Wilaya ya Mbinga kabla ya kuanzishwa kwa Wilaya ya Nyasa, kwa sababu huko mambo mawili hukutana: kumbukumbu ya biashara ya watumwa, na ziwa ambalo mtu aweza kulivuka usiku kwa mtumbwi bila jina lake kuandikwa mahali popote. Hoja yetu ni kwamba biashara hii hustawi pale ambapo majina hayaandikwi; na mchungaji, ambaye kwa kazi yake ni mwandishi wa majina, anayo nafasi ya kuizuia kabla haijaanza, nafasi ambayo askari polisi hana.

Katika karne ya 19 Jumbe wa Nkhotakota, upande wa magharibi wa ziwa, alikuwa na majahazi yaliyovusha mateka hadi ufuko wa mashariki. Kutoka hapo walitembezwa hadi Kilwa, kisha wakapelekwa Unguja. David Livingstone, aliyelifikia ziwa mwaka 1859, alieleza kwa kumtegemea Rigby, balozi wa Uingereza huko Unguja, kwamba watu 19,000 kutoka nchi za Nyasa peke yake walipita kila mwaka katika forodha ya Unguja. Yafaa tuitafakari hesabu hiyo. Ilijulikana kwa kuwa mtumwa alitozwa ushuru kama vile pembe ya ndovu. Forodha ilihesabu vichwa, wala haikuwa na haja ya kujua ni mtoto wa nani.

Mkataba wa Sultani Barghash ulilifunga soko la Unguja mwaka 1873, lakini ziwani biashara iliendelea hata miaka ya 1890. Wajerumani walichanga fedha kwa bahati nasibu ya kupinga utumwa, wakaileta meli ya Hermann von Wissmann vipande vipande, ikaelea katika Nyasa mwaka 1893. Meli hiyohiyo ikawa chombo cha serikali ya kikoloni, na Agosti 1914 ilishambuliwa na meli ya Waingereza, Gwendolen, ikiwa Liuli, katika mwambao huu huu. Twaitaja habari hii kwa sababu wamisionari wa Berlin, waliofika kaskazini mwa ziwa mwaka 1891, walikuja katika kizazi hicho hicho cha bidii. Mwanafunzi wa theolojia asidhani kwamba kila ajiitaye mkombozi wa watumwa hutafuta uhuru wao.

Sasa tuje kwa sheria. Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu, Na. 6 ya mwaka 2008, inafuata itifaki ya Umoja wa Mataifa iliyopitishwa mwaka 2000. Kosa lina sehemu tatu: tendo, kama vile kumwajiri, kumsafirisha au kumpokea mtu, njia, kama vile nguvu, hila au kutumia unyonge wake, na kusudi, ambalo ni kumnyonya. Kwa mtoto, yaani aliye chini ya miaka 18, sehemu ya pili haihitaji kuthibitishwa. Hapa ndipo wengi wetu hukosea, kwa maana husema, "Lakini kijana mwenyewe alikubali." Ridhaa ya mtoto haimwondolei hatia aliyemchukua ili amnyonye. Aidha, kwa miaka mingi sheria iliruhusu mkosaji kulipa faini na kwenda zake, mpaka marekebisho ya mwaka 2022 yalipoifunga njia hiyo. Ni jambo la kusikitisha kwamba ilichukua miaka 14 kuona ya kuwa mwenye fedha za kununua watu anazo pia fedha za kulipa faini.

Yatupasa pia kutofautisha jambo hili na kuvusha wahamiaji kwa magendo, ambako mtu hulipa nauli ili avushwe mpaka. Katika Juni 2012 Waethiopia karibu 50, waliokuwa safarini kuelekea kusini, walizama katika ziwa hili upande wa Karonga, Malawi. Na mwezi huohuo wenzao zaidi ya 40 walikutwa wamekufa kwa kukosa hewa ndani ya lori katika Mkoa wa Dodoma. Kisheria hayo ni makosa mawili tofauti, lakini katika maji mpaka wake ni mwembamba. Aliyelipa nusu ya nauli na kuahidi kuimalizia kwa kazi amekwisha kuingia katika deni, na deni ndilo mnyororo wa siku hizi.

Namna deni hilo linavyofanya kazi katika uvuvi inahitaji kuelezwa. Mtu anayejulikana, mara nyingi ndugu au jirani, huja na habari ya kazi ya nyavu katika kambi ya ng'ambo au ya mbali. Malipo yataitwa ya mwisho wa msimu. Kijana akifika, chakula anachokula kinaandikwa, nyavu zikichanika zinaandikwa, nauli iliyomleta inaandikwa. Usipa ukikosekana mwezi mzima, deni halisubiri. Mwisho wa msimu huambiwa kwamba bado anadaiwa, naye hana hati, hana nauli, na aliyemleta hapatikani. Hakuna aliyemfunga kamba. Angalia kwamba katika kambi hiyo yapo maandishi mengi, ila ni ya deni tu.

Kuhusu vyombo vya abiria, taifa letu limejifunza kwa machozi. MV Bukoba ilipozama katika Ziwa Viktoria tarehe 21 Mei 1996, abiria wa daraja la tatu hawakuwa na orodha. MV Nyerere ilipopinduka karibu na Ukara mwaka 2018, kivuko kilichoruhusiwa watu 101 kiliua zaidi ya 220. Orodha ya abiria hudaiwa kwa ajili ya usalama, lakini ndiyo pia inayomfichua mtu mzima anayesafiri na watoto wanane wasio wake. MV Mbeya II, iliyoanza kazi katika Nyasa mwaka 2021, ina tiketi na orodha. Mitumbwi na boti za injini zinazoondoka kwenye fuko ndogo hazina.

Maandiko yanalijua jambo hili vema. Yusufu aliuzwa kwa vipande 20 vya fedha, na mpango ulianza kwa ndugu zake (Mwa. 37). Kut. 21:16 inamhukumu mwiba-watu kifo, na 1 Tim. 1:10 inamweka katika orodha ya waasi wa sheria. Albrecht Alt alitoa hoja mwaka 1953 kwamba Amri ya Saba, katika asili yake, ilikataza kumwiba mtu kabla ya kukataza kuiba mali. Wataalamu hawakukubaliana naye wote. Hata hivyo Luther mwenyewe, katika Katekisimu Kubwa, alikwisha kuupanua wizi hadi sokoni na katika mahusiano ya bwana na mtumishi. Nasi twaona kwamba Ufu. 18 inafaa zaidi kuhubiriwa mwaloni: orodha ya shehena ya Babeli inaanza na dhahabu na kuishia na wanadamu, na wanaolia kwa hasara hiyo ni manahodha na mabaharia.

Mchungaji afanye nini? Pale ambapo watoto wengi hawana vyeti vya kuzaliwa, cheti cha ubatizo hutumika kuthibitisha umri. Kwa hiyo mchungaji anayeongeza miaka miwili kwa huruma, ili kijana apate kazi, anamvua ulinzi wake wa kisheria kwa kalamu ya kanisa. Vivyo hivyo barua ya utambulisho isitolewe mpaka yaandikwe katika kitabu cha usharika jina la mwajiri, mahali pa kazi, kiasi cha mshahara, jina la anayemchukua kijana, na siku ya kuondoka. Anayekataa kuyataja amejieleza vya kutosha. Mashaka yakiwapo, wapo afisa ustawi wa jamii, dawati la jinsia na watoto la polisi, na simu ya watoto namba 116.

Tena tusifanye haya peke yetu. Katika mwambao huu Waanglikana na Wakatoliki ni wengi kuliko sisi, na kijana aliyenyimwa barua kwetu aweza kuipata kwa jirani kesho yake. Ng'ambo wako wachungaji wa CCAP wa Sinodi ya Livingstonia. Barua moja kwao, yenye jina la kijana na la kambi aliyotajiwa, huweza kumfikia mzee wa kanisa anayeweza kutembea hadi kambini na kumwulizia kwa jina lake.